Diski Mbili za Peniel

Kijiweni Ilongero, kando ya mashine ya kukamua alizeti, kahawa ilikuwa inapoa na hakuna aliyejali. Peniel wa studio ya picha alikaa katikati ya benchi, amepakata diski ya kompyuta, mdomo wazi kama aliyetoka kuona ajali. Kushoto kwake Mughwai, fundi redio wanayemwita Injinia. Kulia Yeremia wa bodaboda, ambaye kwa kuropoka wamembatiza Bunge. Kompyuta ya Peniel ni kuukuu, imejaa harusi, kwaya na misiba ya tarafa nzima. Asubuhi alileta diski ya pili, ya mtumba, waiunge humo humo ndani ipatikane nafasi. Sasa moja imefutika yote, na hawajui ni ipi.

— Injinia, hebu rudia. Ulifanya nini?

— Nilifuata heshima tu, Peniel. Diski zikikaa waya mmoja, kuna kipini cha kuonyesha nani mkubwa, nani mdogo. Yako imetumika miaka yote, nitaiitaje mdogo? Na hii nyingine ni mgeni, imetoka mjini. Nikazipa zote ukubwa.

— Zote?!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji kapona wapi! Mashine ikagoma kuziona zote mbili!

— Ndiyo nikachomoa moja.

— Ipi?

— Zinafanana, bwana! Kama mapacha.

— Na mimi bwege nikaweka CD ya Windows. Ikaniuliza, nifute kila kitu? Nikabonyeza ndiyo! Nilijua iliyobaki ndani ni ile ya mtumba! Yesu wangu!

Bunge akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Tulieni. Picha haifi. Ikifutwa inakimbilia kwenye waya. Mnadhani ule waya ni mpana vile kwa nini?

— Waya nimeukunja, nikaufunga na mpira, Injinia akasema, macho yamemtoka.

— Lahaula! Umewanyonga maharusi!

— Acha wewe, Injinia akajitetea. Zimepanda mnara wa simu. Ndiyo maana leo mtandao mzito.

— Kwaya nzima iko juu ya mnara?

— Haba na haba hujaza kibaba!

Peniel hakucheka. Alikuwa anawaza rekodi moja tu: marehemu mzee Anselm, kitandani, akiwabariki wanawe kwa Kinyaturu. Nakala nyingine haipo duniani. Na mjane wake, mama Elizabeti, alikuwa anavuka barabara kuja pale pale benchini. Wote watatu wakasimama.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu. Peniel, nimefuata ile ya mzee. Kesho watoto wote wanafika. Yule kitinda mimba, aliyezaliwa baada ya msiba, hajawahi kusikia sauti ya baba yake.

Peniel akamweleza yote, hakuficha kitu, machozi yanamtoka mbele za watu. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo moja imefutika, na nyingine ndiyo hiyo uliyoshika?

— Ndiyo, mama.

— Sasa mbona hujaichomeka tukaona ni ipi?

Bunge akatazama chini. Injinia akajikuna shingo. Peniel akaikumbatia ile diski kifuani, akaketi tena.

— Nikiichomeka, mama, nitajua.

Mama Elizabeti akakaa kando yake, akangoja.