Mkwe Mchambuzi

Ndani ya basi la Gikondo, Cassien alimlalamikia mama aliyekaa kando yake: binti yake anachumbiwa na mchambuzi wa mpira. "Kazi gani hiyo? Hachezi, hatangazi."

Mama huyo, Mutesi, amekulia Mwanza na si mtu wa kuacha neno lipite. "Mtangazaji anakwambia kilichotokea, mzee. Mchambuzi anakwambia kwa nini."

"Goli likishaingia, hiyo 'kwa nini' hata mimi naijua."

Matangazo ya sabuni yakaisha kwenye redio ya basi. Sauti ya kijana ikaanza kueleza taratibu jinsi beki alivyoacha nafasi yake kabla ya goli. Cassien akaitambua: ni ya mchumba wa binti yake. Basi likasimama, mlango ukafunguka.

"Si ulisema unashukia hapa?" Mutesi akamuuliza.

"Subiri kwanza," akasema Cassien. "Huyo beki aliondoka kwa nini?"