Amoit Amekataa Ugali Mweupe

Kwenye foleni ya posho mill, mashine ya kusaga unga, pale Adungosi, mwalimu Jentrix alisikia somo lake likishtakiwa. Mama mmoja aliyesimama mbele yake, asiyemjua, alikuwa akimlalamikia mzee aliyekalia gunia lake la mtama.

"Amoit wangu amekataa ugali, mzee. Eti huu mweupe hauna nguvu, kiini na pumba zote tumewapa kuku. Mwalimu ndiye amewafundisha hivyo."

"Kwani amedanganya?" mzee akauliza.

"Mimi nimekula unga usiokobolewa utoto wangu wote. Si kwa kupenda, ni kwa kukosa. Nikaapa mtoto wangu atakula mweupe. Sasa ananiambia mweupe ni bure!"

"Basi kile ulikimbia ndicho chakula."

"Huyo mwalimu hakuchekwa shuleni kwa sababu ya ugali, kama nilivyochekwa mimi."

Jentrix aliinamia debe lake. Alikuwa amewapelekea watoto mahindi darasani, wakayapasua wakakiona kiini kwa macho yao, na Amoit ndiye aliyefurahi kuliko wote. Hakuwaza kwamba furaha ile ingefika nyumbani na kumuumiza mtu. Alitaka kujitambulisha, akashindwa aanzie wapi.

Zamu ya mama ikafika. "Tukoboe?" akauliza mwenye mashine.

Mama aliyatazama mahindi yake. "Saga hivyo hivyo," akasema. "Lakini mgeni akija kwangu, atakula mweupe."

"Sasa mgeni amekukosea nini?" mzee akauliza, lakini mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma.