Mchana wa Mei Mosi Tulipozima Sauti

Risala ya wafanyakazi wa Nkuba Televisheni, Kahama, katika kutimiza miaka minne ya kituo. Imesomwa na Theonest, fundi mitambo.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Ndugu Akida. Mama Ahmad, uliyemsindikiza mwenzio kutoka Shinyanga. Na majirani zetu wa mashine ya mpunga, mliokubali kuizima kwa saa moja ili na sisi tusikike. Wakubwa zetu, shikamooni. Wengine wote, poleni na jua.

KARIBU OFISINI KWAKO

Tunasema kwako kwa sababu ni kwako kweli, ingawa mwaka jana ulipotutembelea ulitafuta maliwato, ukaingia stoo ya nyaya, ukakaa humo kidogo, kisha ukatoka. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka gari lako lilipofika barabara ya lami. Safari hii tumebandika vibao kwenye milango yote.

Mgeni rasmi, tulipokaa kuandaa risala hii tulianza na mambo ya kawaida, mnara, kamera, paa linalovuja. Tukayafuta. Tumekubaliana, sisi sita, kukusimulia habari za mwenzetu mmoja, Esta, Mama Limi, mratibu wa vipindi. Hatukumwomba ruhusa. Hivi tunavyosoma yuko mstari wa nyuma, anapanga viti ambavyo vimeshapangwa tangu asubuhi.

TULIKOTOKA

Esta alitujia akitoka kufundisha chekechea. Ulimkabidhi saa moja ya Jumapili mchana, saa nane hadi saa tisa, saa ambayo hakuna aliyeitaka, ukamwambia aijaze kwa chochote kilichopo. Yeye akaenda kutafuta kisichokuwepo. Alitafuta katuni za kale, zile nyeusi na nyeupe zilizochorwa kwa mkono karatasi moja baada ya nyingine, wakati babu zetu wengine hawajazaliwa. Hazina maneno. Zina muziki tu, na wanyama wanaokimbizana mpaka ukuta unaanguka. Aliandika barua miezi saba, kwenda na kurudi, mpaka alipohakikisha kwamba muda wa umiliki wake umekwisha na hakuna atakayetushitaki.

Wewe, Mgeni rasmi, uliuliza kikaoni, "Katuni za enzi hizo? Nani ataziangalia?"

Esta alikujibu, "Sijui, Mkurugenzi. Nikizionesha ndipo nitajua."

Wala hakuzirusha ovyo. Alizitazama zote, moja moja, na daftari mapajani, akaandika kila iliyo na ng'ombe, kila iliyo na mvua, treni, harusi au mwizi wa kuku. Kisha akazipanga kuwa vipindi maalumu, kila kipindi na mada yake na siku yake. Martina wa mapokezi alipomwuliza kwa nini anajitesa hivyo, alisema watu hawawezi kupenda mzigo waliomwagiwa tu mlangoni. Lazima uwapangie, uwaambie leo tunakula nini.

MAFANIKIO, PAMOJA NA YALE TUNAYOYAITA MAFANIKIO

Kipindi maalumu cha kwanza kilikuwa Siku ya Ng'ombe, tuliyoirusha Nane Nane. Ng'ombe walisimama kwa miguu miwili wakacheza. Simu hazikukatika. Mzee mmoja wa Isagehe alitaka kuzungumza na "mwenye hao ng'ombe", na Martina alipomwambia kwamba hao ni wa kuchorwa tu, alikuja juu. "Hata wa kuchorwa, nundu ziko wapi? Ng'ombe bila nundu, halafu anacheza? Anafurahia nini?" Mzee huyo alipiga tena Jumapili iliyofuata kuuliza kama ng'ombe watarudi.

Cha pili, Siku ya Mvua, kilituumbua. Esta alikipanga mapema kwa ajili ya Novemba, akiamini mvua zitakuwa zimeanza. Hazikuanza. Tukawarushia watu saa nzima ya paka wanaoloa na paa zinazobebwa na maji, wakati mashamba yao ni vumbi tupu. Mama mmoja aliuliza kwa upole uliotuuma kuliko tusi, "Jamani, mnatukejeli?" Esta hakumtuma mtu kujibu. Alishika simu mwenyewe mpaka jioni, anaomba radhi, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hapangi kipindi maalumu bila kwanza kuuliza watu wanapitia nini wiki hiyo.

CHANGAMOTO

Mwezi wa pili ilikuja barua yako. Ilikuwa na mistari mitatu: katuni ni za watoto, watoto hawana la kununua, kuanzia Machi saa ile iwe ya matangazo ya pampu za maji. Esta aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kuziondoa katuni kwenye ratiba. Hakulalamika. Tulitamani alalamike, maana kimya chake kilitusumbua zaidi ya pampu zenyewe, na pampu hizo, Mgeni rasmi, tunazijua sasa kwa majina.

Mwishoni mwa Machi aliingia mapokezi mwanamume mmoja mpana wa mabega, ana vumbi hadi kwenye kope. Alizungumza kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Mbona mmenyamaza?" alisema.

Martina akamjibu kwamba hatujanyamaza, matangazo yanaendelea kama kawaida. Yule bwana alimtazama midomo, akatikisa kichwa. "Siku hizi mmenyamaza! Jumapili saa nane! Kwa nini mmenyamaza?"

Esta ndiye aliyeelewa. Alichukua daftari lake, akaandika, akamgeuzia. Bwana yule akasoma, naye akachukua kalamu. Aliandika kwamba anaitwa Boaz, anatoka Kharumwa, amefanya kazi miaka tisa kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na masikio yamekwisha. Wako tisa wa namna yake pale. Wengine karasha, wengine baruti. Amepanda basi kuja kuuliza tu.

Mgeni rasmi, zile katuni tulizodhani ni bubu, kwa Boaz zilikuwa ndiyo saa pekee ya wiki ambayo televisheni ilisema naye. Pampu za maji alikuwa anaziona zikifungua midomo.

Jumapili iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Esta alikwenda Kharumwa. Alikipata kibanda cha video cha mama mmoja aitwaye Zuleha, mabenchi manne na pazia la khanga. Walikunywa chai, Zuleha akamweleza jinsi hali ilivyokuwa. Wale tisa walikuwa wanakaa benchi la mbele. Kwenye vipindi vingine vyote, watu wakicheka, wao hugeuka nyuma kuangalia wenzao wanacheka nini, na kicheko chao hufika kimechelewa, au hakifiki. Kwenye katuni walikuwa wanacheka na watu wote, sekunde ileile.

"Jumapili saa nane," Zuleha alimwambia, "humu ndani hapakuwa na kiziwi."

YALIYOTOKEA MEI MOSI

Esta alirudi na kukupigia simu. Tulikuwa tumesimama karibu, kwa bahati mbaya ya makusudi, na mazungumzo tuliyasikia yote.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Hapana."

"Sijasema kitu bado."

"Ni katuni, Mama Limi. Nakujua. Hapana."

"Ni Mei Mosi tu, Mkurugenzi. Kipindi maalumu kimoja, cha wafanyakazi. Kule Kharumwa kuna watu..."

"Nina wageni. Tutaongea," ukasema, ukakata.

Hamkuongea. Alipiga tena mara tatu. Tunajua una shughuli nyingi, na Mama Ahmad hapa anatikisa kichwa kukubali.

Basi Esta akaketi akapanga. Mada aliiita Kazi na Kelele. Alichagua katuni za wafua vyuma, wajenga reli, waoka mikate, kiwanda kinachojitengeneza na kujibomoa, na tembo anayepigilia misumari kwa kichwa. Halafu akamwendea Theonest, huyu anayesoma mbele yako, akamwambia, "Siku hiyo sauti tuizime. Yote. Hata muziki."

"Mama Limi, watu watadhani tumeharibikiwa."

"Saa moja tu. Wasikie wanavyosikia wenzao."

Theonest alikataa. Alikwenda nyumbani, hakula vizuri, asubuhi akarudi akakubali. Nelly, mtangazaji wetu, aliandika maelezo kwa herufi kubwa: RUNINGA YAKO HAIJAHARIBIKA. LEO TUNATAZAMA PAMOJA NA WALIOPOTEZA MASIKIO YAO KAZINI. Mei Mosi saa nane mchana, maandamano yamekwisha na watu wako majumbani, tukazima sauti.

Tukiri, Mgeni rasmi, kwamba maandishi ya Nelly yalikaa sekunde ishirini tu, na wengi walikuwa bado wananawa mikono. Kahama nzima ilipiga runinga makofi. Fundi mmoja wa Shinyanga alituambia alipokea seti sita kabla ya saa tisa, zote nzima. Na wewe mwenyewe ulipiga simu dakika ya nane. Ulisema neno moja tu, "Theonest! Sauti!" Theonest akajibu, "Ndiyo, Mkurugenzi," jibu ambalo, ukilichunguza, halina uongo ndani yake.

Nelly aliyarudisha maandishi yake, na safari hii akayaacha dakika nzima. Simu zikaanza kupungua. Kufika dakika ya thelathini zilikuwa zimekoma. Hukupiga tena. Chanzo chetu cha kuaminika, ambacho hatutakitaja kwa kuwa kimekaa kushoto kwako na kimevaa ushungi wa kijani, kinasema kwamba pilau ilipoa, na kwamba tembo alipokosa msumari ulipiga goti kwa kiganja mpaka glasi ikaanguka.

Kharumwa ilikuwa hivi. Kibanda kilijaa, waliobaki wakasimama nje, khanga imefunguliwa. Sauti ilipokosekana watu wazima walianza kuguna na kumlaumu Zuleha. Hapo Boaz akasimama. Zile katuni anazijua zote. Akaanza kuwaeleza watu kinachokuja, kwa sauti yake ile: "Sasa ngojeni! Huyu mwoka mikate! Angalieni mguu wake!" Wenye masikio yao wakawa wanamgeukia yeye wajue wacheke wapi. Wachimbaji waliokuwa wanampita kila siku bila salamu, maana kumsalimia ni kazi, walimwita mbele, wakamtafutia kiti. Zuleha alimpigia Esta simu katikati ya kipindi. Hakuongea, aliinyoosha tu simu hewani. Esta alisikiliza dakika nzima, kisha akaingia stoo ile ya nyaya, na yeye akakaa kidogo.

Zimepita wiki chache, na Boaz sasa ana watu wawili wanaojifunza kuzungumza naye kwa mikono. Mmoja ni kati ya wale waliomtafutia kiti.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, siku tatu baada ya Mei Mosi ilikuja barua yako nyingine, ya Esta peke yake, ikimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa kurusha kipindi bila ruhusa. Mwisho wa kujieleza ni kesho saa nne. Kwa hiyo maombi yetu, tofauti na miaka mingine, ni mafupi. Paa tutaliziba wenyewe.

Tunaomba Jumapili saa nane irudi. Esta ameshapanga vipindi maalumu vitano, na cha mvua amekiweka pembeni, anasubiri wingu. Wenye pampu tumewauliza. Hawana kinyongo kuwekwa saa tisa, mradi wale tisa wa Kharumwa waandikiwe matangazo yao kwa herufi. Mmoja wao amesema hakuwahi kufikiria kwamba kiziwi naye hunywa maji.

Ombi la pili ni kuhusu barua. Kosa lilifanyika, hatubishi. Lakini iliandikwa kwa jina moja, na hilo si sahihi. Mkono uliozima sauti ni wa Theonest. Maandishi ni ya Nelly. Martina alipokea simu na kusema "tunashughulikia" mara mia. Mpiga picha na dereva walishika ngazi bila sababu yoyote, ili tu wawepo. Mzee Januari, mlinzi wetu, alikuwa mapumziko siku hiyo. Alikuja hata hivyo, akasimama getini, akamwambia kila aliyekuja kulalamika kwamba ni makusudi, warudi wakatazame.

Maelezo uliyoyataka yako kwenye bahasha iliyo mbele yako. Ni ukurasa mmoja, Esta ameandika kila kitu bila kujitetea. Asichokijua mpaka dakika hii ni kwamba baada ya saini yake tuligeuza karatasi, na sisi tukasaini.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, wewe na Mama Ahmad na nyumba yako, awarudishe salama Shinyanga, na awalinde wote wanaoshinda kwenye karasha kutwa ili wengine tuvae pete. Wabeja sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
wafanyakazi wa Nkuba Televisheni, Kahama,
wote saba.