Kule Mulimani Mumbere Alikuwa Muzima

Bwana Yesu asifiwe, bandugu zangu! Asifiwe tena! Mujibu na nguvu, juu mukijibu pole-pole mimi nitarudi kukaa.

Wengi hapa Bulengera ya Butembo munanijua. Ni mimi ule mama wa kuchelewa ku misa, wa kukaa nyuma karibu na mulango. Mulifikiri ni uvivu. Hapana. Nilikuwa ninakaa karibu na mulango juu nitoke kabla padiri hajaita batoto kwa baraka. Sikuweza kuona bamama banasukuma batoto yabo mbele. Leo sikuja kushuhudia gari ao nyumba. Ninakuja kushuhudia machozi. Mungu alinipa machozi, bandugu zangu, na mimi ninamushukuru!

Bwana yangu ni mwalimu. Mwalimu Ilunga, mutu wa Kasai. Serikali ilimutuma huku ku Kivu akiwa kijana, na mimi njo nilimuzuia asirudi kwabo. Munacheka? Ni kweli! Tukapata mutoto mwanaume, nikamuita Mumbere. Naona hapa kati yetu basoda ba jeshi na bamwalimu ba mikoa ingine, basi niwaelezee kidogo. Kwetu Banande, mutoto anapata jina kufuata namna alizaliwa kati ya bandugu zake. Mwanaume wa kwanza mara nyingi ni Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka. Donc ukisikia tu jina ya mutoto, unajua déjà ni bangapi balimutangulia. Bwana yangu alikuwa ananichokoza: «Nyinyi Banande, hata ku kitanda ya kuzaa munapanga batoto mustari sawa ku masomo!» Mais alikubali.

Tulikuwa tunakaa Beni, ku commune ya Ruwenzori, mutaa ya muji. Mumbere alikuwa anafuata baba yake kila asubui mpaka ku darasa, anakaa chini ya ubao, analala pale. Akirudi nyumbani anakamata fimbo, anapanga mbuzi ya jirani mustari moja, anaiambia: «Silence!» Mbuzi inamuangalia tu. Tulikuwa tunacheka mpaka tumbo inauma. Kisha akazaliwa wa pili, Kambale. Na Mumbere akaanza kupoteza meno ya mbele, anangojea kwa furaha mwaka wake wa kuanza masomo ya kweli.

Asubui moja masasi ya bunduki ikalia karibu sana. Nyinyi wa Beni munajua, sina lazima ya kueleza. Tulitoka na nguo ya mwilini tu. Kambale mugongoni kwangu, Mumbere ku mukono ya baba yake, tukashika barabara ya Butembo pamoja na batu wengi. Mumbere alitoka nyumbani na homa kidogo. Njiani homa ikapanda. Tulifika ku kituo moja ya afya, mulango imefungwa, muganga naye amekimbia sawa sisi. Tukaendelea. Mvua ikanyesha. Mutoto akaacha kuuliza kama tutafika wapi. Chini ya migomba, pembeni ya barabara, akakufa mu mikono yangu.

Papa moja hatukumujua alikuwa anakimbia na jembe yake ku bega. Alisimama akatuchimbia. Tulifunika mutoto na kikwembe yangu, kitambaa nilikuwa nimejifunga. Bwana yangu akaanza Baba Yetu, akashindwa kumaliza, ule papa akamumalizia. Kisha tukafuata bengine, kwa sababu nyuma masasi ilikuwa inaendelea kulia. Ni ile tu. Hakuna wimbo, hakuna mutu wa kukaa na sisi chini.

Bandugu zangu, munajua kwetu kilio ni nini. Batu banakuja, banakaa na weye, banawasha moto, banataja marehemu jina yake kwa sauti kubwa, unalia mpaka sauti inaisha. Hapo njo mutu amezikwa kweli. Mumbere wangu hakupata ile. Tulifika hapa kwa mama yangu, na kila nyumba ilikuwa na wafu yake. Batu balinihurumia, balikuwa wazuri, balisema: «Nyamaza, mama, shukuru Mungu uko na huyu mwingine.» Nikanyamaza. Nilinyamaza sana mpaka machozi ikakauka. Ninapika, ninafula, ninanyonyesha, macho makavu. Hata kutaja jina yake, ulimi ilikataa. Bwana yangu akijaribu kumuongelea, mimi ninatoka inje. Nyumba yetu ikakuwa ya batu wawili wanaoogopana.

Kisha affectation ya bwana yangu ikafika, barua ya kumutuma afundishe fasi ingine. Masomo ya kijiji moja kule juu ku Ruwenzori. Si commune, ni mulima yenyewe! Tulipanda gari ya kwenda Beni, tukapita pale pa migomba. Gari haikusimama. Nilifunga macho, nikasikia bwana yangu anapumua kwa nguvu. Kutoka Beni tukashika barabara ya Kasindi, kisha tukaiacha, pikipiki ikatupandisha mpaka pale njia inaisha. Pale tukashuka, tukapanda na miguu.

Nyamuhanga wee, Mungu wangu, baridi ya kule! Mimi nimeishi Beni, nimezoea jua. Kule asubui majani iko nyeupe, unaikanyaga inalia sawa chumvi. Ukungu inaingia mu nyumba bila kupiga hodi. Nguo ukifula leo, itakauka siku inapenda yenyewe. Batoto banakuja ku masomo kila mumoja na kiazi ya moto mu mufuko. Inapasha vidole moto wakati wa kuandika, kisha saa ya kupumzika banaikula. Na Mwalimu Ilunga, mutu wa Kasai, alikuwa anafundisha na soksi ku mikono! Batoto balimuita Mwalimu Soksi, na yeye aliitika.

Siku ya kufika kwetu, bamama ba kijiji balikuja kutusalimia. Mbele yabo Mama Kavugho, mama wa sauti kubwa, anayefuma triko, ile sweta ya baridi, akitembea, akiongea, hata akisali. Akamushika mutoto wangu shavu, akauliza jina. Nikasema: Kambale. Akaangalia nyuma yangu, akaangalia mu nyumba. «Na Mumbere? Mulimuacha wapi?»

Niliinama, nikaanza kufungua mizigo.

Mama Kavugho alijua tumetoka Butembo, akajijibu yeye mwenyewe. Kule juu, batu wengi banaacha mutoto mukubwa kwa koko, ni kusema bibi yake, mu muji, juu ya masomo na juu ya baridi. Akageukia bengine: «Ah! Alibakia na koko yake ku Butembo. Balifanya vizuri, baridi ya huku ingemupiga.» Na bamama bote bakasema ndiyo, balifanya vizuri. Basi, ilikuwa imeisha. Kijiji kizima kikajua ya kama Mumbere wa mwalimu iko Butembo.

Na hapa shetani... Hapana, sitatia yote kwa shetani. Bandugu zangu, ilikuwa tamu. Ninasema kweli mbele ya altare hii. Ilikuwa tamu! Mama moja akipita anauliza: Mumbere anaendelea? Mwingine anauliza: anasoma vizuri? Dunia yote ilisahau mutoto wangu, mais kule mulimani alikuwa muzima, alikuwa na rafiki, alikuwa anakomaa. Nilikuwa ninatikisa tu kichwa. Bwana yangu hakujua kitu. Bamama hawakuongea na mwalimu mambo ya nyumba.

Kisha viazi ikaanza kufika. «Hii ya Mumbere, mutu akishuka mumutumie.» Maharagi ya Mumbere. Asali mu chupa kidogo, ya Mumbere. Sikuweza kupika ile vitu. Nilikuwa ninaiweka nyuma ya kitanda, viazi ikaanza kuota mu giza. Na mimi ninaangalia Kambale anacheza, sisikii kitu mu roho. Kweli bandugu zangu, nilikuwa ninamunyonyesha mutoto muzima, mais roho yangu ilikuwa inakaa na ule wa nyuma ya kitanda. Hata akianguka akilia, bwana yangu njo alikuwa anamuinua. Nilikuwa ninapoteza na wa pili pia, na alikuwa mbele ya macho yangu.

Siku moja Mama Kavugho akaleta triko. Ya buluu, laine nzuri ya sufu, amefuma kwa mikono yake. Akaikunjua mbele yangu: ilikuwa kubwa. Akanieleza ya kama alifikiri namna mutoto amekomaa tangu tulimuacha, akaongeza kidogo ku mikono. Mungu wangu! Mimi mama yake sikujua kama Mumbere angekuwa na urefu gani, na huyu mama asiyemuona hata siku moja alimupimia. Kisha akaniambia na furaha: katekista anashuka Butembo ku mukutano ya parokia, tumemutuma apite kwa koko, amulete Mumbere afanye Noeli na sisi. Na triko tayari!

Nilimurudishia triko mu mikono yake, nikakimbia. Nilikimbilia mu shamba ya viazi, nikapiga magoti mu ile matope ya baridi. Kabla ya pale sikuwa nasali tena, nilikuwa ninatikisa midomo tu. Ile siku nilisali na hasira. Nikasema: Mungu, weye ulikuwa pale chini ya migomba, uliona. Sasa sema weye, juu mimi siwezi!

Siku ya Mungu, katekista hajashuka bado, tukaenda ku kapela. Katekista akafika ku maombi ya watu, anayetaka aombe. Bandugu zangu, sikupanga kusimama. Nilijikuta nimesimama. Na ule ulimi uliokataa ukatoa: «Muniombee. Mumbere wangu alikufa. Alikufa njiani, tulimuzika na kikwembe, hatukumulilia.» Nikasikia kiti inaanguka nyuma. Alikuwa bwana yangu, alisimama akakuja kunishika bega mbele ya batu bote.

Mama Kavugho akakunja kazi yake ya kufuma, akatoka inje bila kuniangalia. Ibada ya katekista ikaisha haraka, batu bakaenda zabo. Hakuna aliyetusalimia. Tukarudi nyumbani, nikamuambia bwana yangu: sasa nimepoteza mutoto na nimepoteza kijiji. Akasema tu: leta Kambale, baridi imemushika.

Kisha, saa ya mchana, bwana yangu akaniita ku mulango. Mu ukungu batu balikuwa banapanda. Kila mutu na ukuni moja ku bega. Munasikia? Kule kuni iko mbali, ukuni moja ni kazi ya asubui nzima, na kila nyumba ilileta wake! Bakairundika mu lupango yetu, mbele ya nyumba, bakawasha moto. Na mbele yabo Mama Kavugho, amefunga kiuno na kikwembe. Hakuniuliza kitu. Akakaa chini mu matope, akanyoosha miguu, akapiga kelele na ile sauti yake kubwa: «Mumbere weee! Mumbere wa Mwalimu! Mbona hukutungoja tukuone?»

Aleluya, bandugu zangu! Hapo njo nilifunguliwa. Hapo njo ile jiwe ilitoka mu kifua yangu. Nililia! Nililia mutoto wangu kwa sauti mpaka batu ba upande ingine ya bonde balisikia bakauliza nani amekufa, na batu bakajibu: Mumbere, mutoto wa mwalimu. Leo? Ndiyo, leo! Bwana yangu alilia na soksi ku mikono. Bakamuuliza mutoto alikuwa namna gani, akahadisia mambo ya mbuzi na ile silence yake, batu bakacheka na machozi inatiririka. Bakaimba nyimbo za kuzika. Kambale akaogopa kelele, akakuja kwangu anakimbia, na mimi nikamubeba, nikamukaza ku kifua, nikasikia ni mutoto wangu. Wa pili. Wangu!

Mama Kavugho alinigombeza kisha, musifikiri hakunigombeza. «Weye mama, ulituacha tutume viazi kwa marehemu!» Halafu akapangusa pua, akasema: «Bon. Ilikuwa yake. Haturudishi.» Na triko akamuvalisha Kambale, ikafika chini ya magoti, bamama bote bakasema atakomaa tu. Wasingya, aksanti, Mama Kavugho, hata kama haunisikii!

Sasa tuko hapa kwa congé, masomo imefungwa. Njiani tuliomba shofa asimame pale pa migomba. Tulitafuta, bandugu zangu. Tulitembea huku na kule. Migomba imeongezeka, mutu amelima, hatukuona fasi tulimuzika. Sitawadanganya ya kama maumivu imeisha. Usiku ingine bado ninasikia homa yake ku mikono yangu. Mungu hakunirudishia mutoto, na sijui juu ya nini. Mais leo ninaweza kutaja jina yake, na bwana yangu anaweza kuitaja mbele yangu, na tukishalia tunakula pamoja.

Najua mu hii kanisa siko peke yangu. Kuko bamama hapa bako na wafu babo mu barabara, mu misitu, mu mashamba, balibaacha wakikimbia. Baliambiwa kunyamaza na bakanyamaza. Weye papa wa kule nyuma, nakuona unaangalia chini. Hapana kuogopa. Tumaini Yesu, yeye alilia mbele ya batu bote na hakupata haya. Leo kisha misa hatutatawanyika. Mimi na Mwalimu tutakaa chini pale inje, moto tayari. Kuya tu, ukae karibu na sisi, utuambie jina yake. Tutamulilia na weye.