Wapishi Wanne na Mkurugenzi Mmoja

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali, na wenyewe, Kinyozi, Spana na Profesa, hawaliachi kwa sofa ya mtu. Jioni ile Kinyozi alifika suruali imejaa vumbi la makaburini, uso umemshuka. Kabla ya kufa, baba yake alimwomba mara nyingi akasafishe kaburi la babu, naye kila mara alijibu, "Kesho, baba." Leo ndipo alipokwenda, na baba hayupo tena wa kumwelekeza.

SPANA: Umempata babu?

KINYOZI: Nimewapata wanne! Babu alikuwa mpishi, akazikwa na wenzake wa kazini. Daftari la makaburi limeandika Mpishi, Mpishi, Mpishi, Mpishi. Jina hamna.

PROFESA: Mwaka ule kulikuwa na ugonjwa wa wapishi, ndugu yangu. Kuonjaonja. Haba na haba hujaza kibaba.

SPANA: Wapi! Ni mpishi mmoja, kazikwa mara nne. Kila wakimfukia, anatoka kuangalia chungu.

PROFESA: Au hakufa kabisa. Alimtoroka bibi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai!

Kinyozi hakucheka. Roho ilikuwa inamuuma.

KINYOZI: Mjinga gani anapeleka maiti, anaulizwa jina, anasema "Mpishi"? Ningempata, ningemnyoa bila maji!

Hapo akasimama mbele yao mwanamke mmoja mwenye begi la safari.

MGENI: Shikamooni. Natafuta kaburi la baba yangu. Mguu mmoja mbovu, kahawa bila sukari, na kupenda kuamrisha watu.

SPANA: Marahaba... Mkurugenzi huyo! Pole sana, mwanangu. Tulimzika mwaka juzi, tukambeba wenyewe. Kibao chake kilisombwa na mvua, lakini usijali, daftarini yumo.

Mwanamke alikaa pembeni mwa benchi, palepale pa baba yake, akajifuta macho.

MGENI: Asanteni, baba zangu. Ila nimetoka makaburini sasa hivi. Nimetaja jina lake, wamelitafuta, halimo. Kwani nani alikwenda kumwandikisha?

Profesa akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Spana akainama kulitazama tofali. Kinyozi alimnyoa yule mzee miaka nenda rudi, akijua kila kovu la kichwa chake, na hata siku moja hakumuuliza anaitwa nani. Siku ya maziko, karani wa makaburi aliposhika kalamu, yeye ndiye aliyemjibu, "We andika Mkurugenzi tu, anajulikana."