Sauti ya Mboni Haikubanwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Abdulatif Mwinyimvua wa Kariakoo, mtu aliyewajazia nyimbo nusu ya watu wa mji huu. Amefariki masika haya, akiwa na miaka sitini na mmoja. Amekufa maji, Jangwani, saa nne asubuhi, mchana kweupe, watu wakitazama.

Kibanda chake kilikuwa uchochoroni, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Meza moja, kompyuta moja, na feni iliyolalamika kuliko mwenyewe. Unampa memori kadi, unamtajia unachotaka, anakujazia. Lakini Abdulatif hakuwa wa kunakili tu. Yeye alitunza rekodi nzima nzima, zile faili kubwa ambazo hazijapunguzwa kitu. Faili ya namna hiyo ukiiweka kwenye kiredio cha muuza samaki wa Feri, kinagoma. Basi alizibana, yaani alizipunguza ukubwa. Kadi iliyokuwa ikijaa kwa nyimbo thelathini, ikabeba mia tatu.

"Kuna kinachopotea," aliwaambia wateja, "lakini kwa kiredio chako hicho, hutakisikia." Wateja walicheka, wakaenda zao wameridhika.

Mkewe, Mboni, alikuwa mwimbaji wa harusini. Hakuwa na jina kubwa, ila kina mama wa Ilala na Gerezani wanamjua. Alifariki miaka sita iliyopita. Miezi michache kabla ya hapo, Abdulatif alimrekodi nyumbani, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Nyimbo kumi na moja. Zote kwenye diski moja. Shikeni hilo, wasikilizaji: diski moja.

Binti yao, Nasreen, alimwomba ambanie hata wimbo mmoja auweke kwenye simu. Baba akajaribu. Wakausikiliza pamoja kwa hedifoni, kila mmoja sikio lake.

"Mimi nilimsikia mama, nikalia," anasimulia Nasreen. "Baba akasema, 'Hapa, kabla ya ubeti wa pili, alikuwa anavuta pumzi. Pumzi imeondoka.' Akaufuta palepale. Akaniambia, 'Sikupi mama yako kapunguzwa. Ukimtaka, msikilize hapahapa nyumbani.'"

Jirani yake wa kibanda, Filbert, muuza chaja, naye alijaribu. "Nilimwambia, 'Mzee Latifu, kubana hutaki, sawa. Basi nakili hizohizo kubwa, diski ya pili ikae kwangu.' Akagoma kabisa. Akasema, 'Ikitoka tu mkononi mwangu, wiki ijayo inauzwa mtaani, imebanwa na mjinga fulani.'"

Mjinga fulani! Yeye aliyebana sauti za mama za watu kwa miaka ishirini. Mganga hajigangi, jamani.

Siku ile Mto Msimbazi ulifurika hadi nyumbani kwao Jangwani. Nasreen alimpigia simu kibandani. "Baba, maji yameingia ndani, ila tumetoka wote. Mimi na watoto tuko barabarani, tuko salama."

Baba akauliza neno moja tu. "Diski?"

Diski ilikuwa juu ya kabati. Nasreen alikuwa ametoa watoto, vyeti na mtungi wa gesi.

Abdulatif akafika akihema, katoka Kariakoo kwa miguu. Mlangoni maji yalikuwa ya kifua. Nasreen akamkamata shati.

"Nikamwambia, 'Baba, mama ameshakufa. Wewe usife.' Akabandua vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, wala hakunifokea. Akasema, 'Narudi sasa hivi.'"

Akaingia. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Alipatikana kesho yake, diski kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni alioufunga mafundo mawili. Maji yalikuwa yameshaingia. Mafundi watatu wa Kariakoo wameifungua diski ile. Wote watatu wamesema haisomeki.

Inauma, wasikilizaji. Inauma na inakera. Nyimbo alizobana Abdulatif ziko kila kona ya Bongo. Ziko saluni, ziko kwa mama ntilie, ziko kwenye viredio vinavyoning'inia shingoni mwa wauza kahawa. Za Mboni, ambazo hazikubanwa, hakuna hata moja.

Nasreen, mwanangu, kuna watu wanasema ungeanza na diski. Wasikuumize. Ulianza na watoto, na ndivyo ilivyopasa. Pole sana wewe na wanao, pole kwa ukoo wote wa Mwinyimvua, na pole kwako Filbert, unayefungua kibanda kila siku ukitazamana na mlango uliofungwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nanyi mnaonisikiliza, tafakarini. Kama una sauti ya mtu wako mahali pamoja tu, mgawie ndugu yako leo hii. Isiyopunguzwa ikishindikana, mpe iliyopunguzwa.

Wiki hii tulimwomba Nasreen atutafutie chochote cha mama yake tukirushe hewani, hata sekunde kumi kutoka kwenye simu ya zamani. Akapekua siku mbili, akauliza majirani, akauliza maharusi walioimbiwa na mama yake. Jana akatupigia.

"Sina," akasema. "Ule wimbo mdogo alioufuta baba ungenitosha."