Pasi ya Mkaa Haiuzwi

Sogeeni wanangu, wewe binti yangu mshike mdogo wako asivute huu mpira wa dripu, mnisikilize kabla muuguzi hajarudi kunipeleka kupasuliwa, maana dawa ya kulegeza mwili ameshanichoma na ninaogopa, sifichi, lakini woga hautaniziba mdomo.

Ninachowaachia ni kimoja, pasi yangu ya mkaa. Shangazi yenu, huyu hapa mlangoni, ameshasema nikienda ataiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na mambo ya maigizo yaishe nyumbani kwa kaka yake, eti mke wa mtu kujianika jukwaani. Wifi, nakuheshimu, ila leo nasema mimi.

Baba yenu alikuwa na macho, ila kazi yangu alikuwa haioni. Miaka tisa nilimpigia pasi shati la kazini kila asubuhi, naye akalivaa kama limemwota mwilini. Siku kikundi chetu kilipoigiza kwenye ukumbi wa shule, mimi nilikuwa mke anayeletewa habari kwamba mumewe kafukuzwa kazi, nianguke, nilie, nijipige kifua. Maneno yote yakanitoka kichwani. Mezani palikuwa na shati na pasi hii, vimewekwa kama mapambo tu, basi mikono ikafanya inachokijua: nikalowesha kidole nikaigusa pasi, baridi, haina hata chembe ya mkaa, nikapuliza jivu lisilokuwepo, nikaanza na kola, nikaja mikono, nikakata uzi kwa meno. Watu wakacheka, kisha wakaanza kuinua shingo waone vizuri. Kiongozi wetu ananong'ona nyuma ya pazia, "Lia, mama, lia sasa." Sikulia. Aliyelia alikuwa safu ya tatu, na alikuwa baba yenu.

Kesho yake alivuta kigoda akanitazama nikipiga pasi, kama mtu aliyekata tiketi. "Kumbe huwa unaanza na kola," akasema. Miaka tisa, jamani. Nikamjibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Kwa hiyo atakayewaambia maigizo ni upuuzi, mjibuni, kwa adabu lakini mjibuni, kwamba jukwaani hakikuongezwa kitu, shati lilelile, mke yuleyule, ila siku hiyo watu walikaa wakaangalia.

Jumamosi kikundi kinaigiza tena. Nisipoamka, pasi iende, aishike mwenzangu yeyote, na wewe binti yangu umwonyeshe pa kuanzia. Wifi, umenuna? Nuna, lakini pasi huiuzi. Hata hiyo blauzi uliyokuja nayo kunisema niliinyoosha mimi.

Nyie wanangu, msigombanie kitu, na baba yenu msimwache ale peke yake. Mungu awape siku za kawaida, nyingi, nyingi mpaka mzichoke, na azidi kuwapa.

Ulimi unakuwa mzito. Ndio hao wanakuja na kitanda cha magurudumu. Binti yangu, sogea… kidole kwanza… kiloweshe, mama… usije ukaungua.